Taji la Ng'ombe wa Pembe Moja

Nilipanda Grub, malisho yetu ya mlimani, siku mbili kabla ya ng'ombe kushuka, kama nilivyofanya kila mwaka tangu nilipoolewa nyumba hii. Magoti hayakupenda, lakini magoti hayaulizwi. Mgongoni nilibeba kikapu chenye uzi wa kitani, kisu kidogo cha kukatia matawi, mkate, na maua makavu ya bustani yangu, yale ya manjano na ya rangi ya damu ya mzee, ambayo ukiyaning'iniza darini hukaa mwaka mzima bila kuchujuka. Taji la ng'ombe kiongozi si kazi ya mtu mmoja, na mjukuu wangu Burgl alikuwa peke yake kule malishoni tangu theluji ilipoyeyuka.

Ulikuwa msimu wake wa kwanza kuishika Grub mwenyewe. Baba yake, mwanangu Lois, hakutaka. Wakati wa baridi aliteleza akiburuta gogo, goti likaharibika, akawa hawezi tena kupanda mlima, na akaona afadhali malisho tumpangishe mtu wa bonde la pili. Burgl akasema, "Nipe mimi." Hata miaka ishirini alikuwa hajaitimiza. Wakabishana mezani kwangu asubuhi na jioni, mpaka siku moja Lois akaweka kijiko chini.

"Haya. Wakirudi na mataji, Grub ni yako. Wakirudi vichwa vitupu, nampangishia yule mtu, na wewe utakwenda kutandika vitanda hotelini kama wenzako. Na nisisikie neno."

"Nimekubali," akasema Burgl, akaendelea kula.

Kwetu maneno hayo hayahitaji kufafanuliwa. Ng'ombe wakipitisha kiangazi salama, hushuka wamevikwa. Akifa mmoja, au akiumia vibaya, hushuka vichwa vitupu, kengele zimezibwa kwa nyasi, na wale wanaosubiri darajani hujua habari kabla hujafungua mdomo.

Basi nilifika Grub jua likiwa limeshainama. Burgl alikuwa anasugua ndoo za maziwa kwenye hori la maji. Aliniona akaja mbio, mikono imelowa, akanikumbatia mpaka kikapu kikalalamika. Alikuwa amekonda usoni na kunenepa mikononi, kama inavyompata kila mtu kule.

"Bibi, umechoka. Kaa. Nikuletee maziwa."

"Sijachoka. Falka yuko wapi?"

Kila mwaka Falka ndiye huwa wa kwanza kunipokea. Hutoka zizini, pembe zake pana mbele, hunisukuma kidogo kwa pua akitafuta chumvi mfukoni mwangu. Siku ile hakutokea.

"Kunywa maziwa kwanza, Bibi."

"Nimekuuliza ng'ombe, wewe wanijibu kiu."

Akasimama akijifuta mikono kwenye aproni, na ile aproni nikaiona imepasuliwa nusu. Ilikuwa ya kitani, ya Jumapili, niliyomshonea mwenyewe. Akanishika mkono akanipeleka zizini.

Falka alikuwa amesimama mahali pake pa siku zote, wa kwanza toka mlangoni, anacheua. Akageuza kichwa kunitazama. Pembe ya kulia ilikuwa pale pale, ndefu, imepinda vizuri kama mkono wa jagi. Upande wa kushoto hapakuwa na kitu. Kilibaki kisiki kisichozidi kikombe cha yai.

Nilikaa kwenye kigoda cha kukamulia. Sikupiga kelele, sijazoea kupiga kelele mbele ya ng'ombe.

"Ilikuwaje?"

Akanieleza akiwa amesimama na mgongo kwenye nguzo. Ng'ombe mgeni alivuka kigongo kutoka malisho ya upande wa pili, akaja kunywa kwenye hori letu. Falka hakuvumilia. Wakasukumana, mgeni akateleza, na pembe ya Falka ikanasa baina ya mawe mawili. Alipoinua kichwa, kichwa kikaja na pembe ikabaki.

"Damu, Bibi! Iliruka mpaka dirishani. Nilidhani nimempoteza."

"Na baba yako anajua?"

"Nani amwambie? Yeye hawezi kupanda. Jibini anashusha Babu Wastl, na nimemwapisha."

"Umemwapisha Wastl asiseme," nikasema. "Afadhali umwapishe jogoo."

Akacheka, kisha kicheko kikageuka, akaficha uso shingoni mwa Falka. "Nimeharibu, Bibi. Ng'ombe kumi na wawili wamenona, mtamba hata mmoja hajachechemea, na mimi nashuka kichwa kitupu kwa sababu ya pembe."

Nilimwacha alie. Falka naye alimwacha, akawa anatafuna polepole, jicho moja limenielekea mfukoni. Nikampa chumvi yake.

Wastl alikuja jioni hiyo hiyo. Analisha kwenye malisho ya jirani, nusu saa kwa mguu, na amekuwa kule miaka mingi hata miti inamwamkia. Zamani alinichumbia nikamkataa, na tangu siku hiyo hatujapata kuzungumza bila kutaniana.

"Zenz! Hujafa bado?"

"Nikifa utamwudhi nani, mzee?"

"Msikie. Burgl, mwanangu, unajua bibi yako alinikataa kwa sababu ya masikio yangu?"

"Si masikio," nikasema. "Ni kilichopo katikati ya masikio, kisichofungwa."

Akakaa, akatandaza miguu, akala maandazi yangu ya jibini kama aliyealikwa. Alipokwisha kula akatoa kitu ndani ya koti, kimefungwa kwenye gunia, akakiweka mezani. Ilikuwa pembe. Niliichukua nikaigonga kwa kucha, ndipo nikajua ni mti. Ameichonga kwenye mzizi, akaifukizia moshi, akaipaka mafuta ya kondoo mpaka ikang'aa. Chini yake kulikuwa na mkanda wa ngozi wa kufungia.

"Mkanda unafichwa na maua," akasema. "Lois atasimama darajani, ataona pembe mbili na taji katikati. Nani atakwenda kugonga pembe ya ng'ombe siku ya sherehe?"

"Na kesho yake?" nikauliza.

"Kesho yake ni kesho yake. Pembe imevunjika barabarani, imevunjika zizini, pembe huvunjika. Ahadi imeshatimia."

Burgl alikuwa anaitazama ile pembe kama mtu anayetazama moto baada ya mvua. "Lakini hata bila hii," akasema taratibu, "pembe ni ajali kweli? Hakufa. Maziwa hakupunguza."

"Pembe si mguu," akasema Wastl.

"Kwa baba yangu," nikasema, "ng'ombe alikatika ncha ya mkia mlangoni, tukashuka vichwa vitupu. Nililia njia nzima."

"Baba yako alikuwa hataki kununua utepe, huyo."

"Na kwa mjomba wake Lois, ndama alivunjika mguu ukaungwa, akashuka amevikwa kuliko bibi harusi. Kila nyumba na kipimo chake."

"Na kipimo cha baba ni kipi?" akauliza Burgl.

Sote tulimjua Lois. Lois hupima kila kitu mara mbili, kisha huuliza tena.

Burgl akaichukua pembe ya mti, akaifunga tena kwenye gunia, akaiweka rafuni juu ya chungu cha siagi. Mimi sikusema ndiyo wala la. Nimelea watoto na wajukuu, na ninajua mtu akishashika wazo, mwache alibebe kidogo aone uzito wake.

Asubuhi tulisubiri umande ukauke. Hili ni jambo ambalo vijana wengi hawana subira nalo. Ukikata matawi yangali na maji, kesho yake taji linanuka ukungu na linalemea kichwa. Jua lilipofika kwenye jiwe kubwa tukatoka, Burgl na kikapu, mimi na kisu. Tulikata vitawi vya msonobari, urefu wa kiganja, si zaidi. Tukakata mreteni, ule mfupi wenye miiba kama sindano na vitunda vya buluu, nikachomwa kila kidole kama nilivyostahili, maana glavu nilisahau nyumbani. Kwenye mteremko tukapata vitunda vyekundu vya mlimani, mashada manono, ndege hawajayamaliza. Burgl alipanda juu ya mawe akabandua ule ukoga laini wa kijani unaoota pale, akaubandua mzima kama ngozi ya keki. Na mwisho tukatafuta mbigili mweupe, ule mkubwa kama sahani uliolala chini bila shina. Ulikuwa umefunguka wote. Ukifumba, ujue mvua iko njiani.

"Umefunguka," akasema Burgl. "Kesho jua."

"Kesho jua," nikasema. "Hilo angalau limeamuliwa."

Tulikaa kwenye benchi mbele ya kibanda tukaanza kufunga. Fito tulizikunja duara, kisha mbili nyingine tukazivusha juu zikakutana katikati, zikawa kama kofia isiyo na kitambaa. Halafu ni kazi ya vidole. Unashika vitawi vitatu, unaviweka juu ya ufito, unavizungushia uzi wa kitani na kukaza. Unashika vingine, vichwa vyao vinafunika mashina ya vile vya kwanza, unakaza tena. Unakwenda upande mmoja tu, hurudi nyuma. Ukirudi nyuma taji linasimama nywele kama paka aliyeogopa. Kila hatua chache unaingiza shada la vitunda vyekundu, ua la manjano, ua la damu ya mzee. Mbigili hukaa mbele, katikati ya kipaji. Waya sitaki. Wapo wanaotumia waya na waridi za karatasi, siwasemi. Lakini ng'ombe ni mla majani, akitikisa kichwa kikadondoka kitu, mwenzie nyuma atakiokota akile.

"Bibi, kaza kidogo hapo."

"Nilikaza kabla mama yako hajazaliwa."

"Kitawi kinalegea."

Nilitazama. Kilikuwa kinalegea kweli. Nikakifungua nikarudia, naye akajifanya anahesabu vitunda.

Jua likiwa juu ya mabonde taji lilikuwa tayari, na lilipendeza, nasema bila aibu. Burgl akaingia ndani akatoka na lile gunia. Tukamtoa Falka uwanjani. Burgl akamfunga pembe ya mti juu ya kisiki, akapitisha mkanda nyuma ya sikio na chini ya taya, kisha tukalikalisha taji juu ya pembe zote mbili, ya mti na ya Mungu. Burgl akarudi nyuma hatua kadhaa akatazama.

"Huwezi kujua," akasema. "Bibi, huwezi kujua kabisa!"

Falka alisimama. Akapepesa. Akainamisha kichwa taratibu, kama mtu aliyevishwa kofia asiyoizoea, akaenda moja kwa moja kwenye nguzo ya uzio. Akajisugua mara moja, mkanda ukakatika. Mara ya pili pembe ya mti ikaruka ikaingia kwenye samadi, na taji likaning'inia kwenye pembe iliyobaki, limeinama kama kofia ya mlevi. Akatoka hapo, akatembea mpaka kwa Burgl, akasimama mbele yake akitaka kukunwa.

Mimi nilicheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Burgl hakucheka. Alikaa chini kwenye nyasi, vitunda vyekundu vimetapakaa pande zote.

"Basi avikwe Alma," akasema. "Alma ana pembe zote. Falka ashuke nyuma, katikati ya wengine, hakuna atakayemwona."

"Falka ashuke nyuma?"

Burgl alijua kama ninavyojua mimi. Mwaka ambao Lois alijaribu kumtanguliza ng'ombe mwingine, Falka alilala katikati ya barabara, na gari la posta likasubiri mpaka dereva akamaliza gazeti lake.

Nikakaa naye kwenye nyasi, jambo ambalo kwa umri wangu ni kukaa bila uhakika wa kuinuka.

"Nisikilize, mwanangu. Tangu asubuhi tunafunga taji la ng'ombe mwenye pembe mbili. Ng'ombe huyo hatuna. Tufunge la huyu tuliye naye."

"Litakaa wapi?"

"Kichwani. Wewe ukibeba mzigo kichwani unautundika kwenye pembe?"

Akanitazama. Kisha akainuka, akaleta nyasi kavu ndefu kutoka darini, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

Tulisuka nyasi nene kama mkono wa mtoto, tukazizungusha zikawa kata, ile kata ya kubebea mzigo kichwani, tukaivisha kitani isimkwaruze. Kata tuliikalisha nyuma ya kipaji, ikaegemea pembe ya kulia, na kutoka kwake tukashusha misuko miwili iliyopita mbele ya masikio ikakutana chini ya taya. Tukalifumua taji nusu nzima. Lilikuwa jambo la kuumiza roho, kukata nyuzi zile, lakini vitawi havikuharibika. Tukalifunga upya, chini zaidi na pana zaidi. Mara ya kwanza likavutwa na pembe, likaegemea kulia. Burgl akafikiri, akachukua mashada yote manono ya vitunda akayahamishia kushoto. Uzito ukalingana. Tukamvika, akatembea, likakaa. Akatikisa kichwa kufukuza nzi, likakaa. Akainama kunywa maji, likateleza kidogo mbele kisha likarudi lenyewe.

"Ona," akasema Burgl kwa sauti ndogo.

Kikabaki kisiki. Kilikuwa pale upande wa kushoto, cheusi, baina ya vitunda vyekundu na msonobari, kinaonekana kama dirisha lisilo na pazia. Ule ukoga wa mawe ulikuwa umebaki kidogo, wa kutosha kukifunika. Burgl aliuchukua akaubandika. Ulikaa vizuri, ungedhani ni sehemu ya taji. Akatazama. Mimi nilikuwa naokota nyuzi chini. Nilijitafutia nyuzi nyingi kuliko zilizokuwepo.

"Bibi."

"Naam."

"Nikikifunika, si ni ile ile pembe ya Babu Wastl?"

"Hiyo ni ya kijani," nikasema.

Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Akaubandua ule ukoga, akakipangusa kisiki kwa ncha ya aproni, taratibu, kama anavyopanguswa mtoto pua. "Baba ataona."

"Ana macho."

"Na akisema taji hili hatulistahili?"

"Atasema. Nami nitakuwa nimesimama hapo hapo, na mimi nina mdomo. Lakini Grub alikuahidi wewe, hakuniahidi mimi. Kwa hiyo wewe ndiye utakayemwongoza Falka."

Hakula usiku ule, alizungusha kijiko tu.

Tulishuka na jua. Falka mbele, kengele kubwa ya shaba shingoni, Burgl pembeni yake ameshika fimbo. Nyuma yao Alma na wengine, kila mmoja na shada dogo la msonobari na ua moja. Mwisho mimi na Wastl, maana aliacha malisho yake kwa ndugu yake ili, kwa maneno yake, asikose kuona mtu akichinjwa.

"Pembe yangu ilikuwa nzuri," akawa anasema kila kona. "Kazi ya siku tatu. Ipo kwenye mavi."

"Imefika nyumbani."

Chini ya msitu tukaanza kuliona daraja, na watu. Kijiji kizima kilikuwa kimetoka, wanawake na sinia za maandazi, wazee na vichupa vyao vya pombe ya matunda. Walipoona rangi, nikasikia shangwe ikipanda. Halafu tulipokaribia ikapungua kidogo kidogo, kama maji unapofunga bomba. Walikuwa wameona.

Mama mmoja mwenye sauti kubwa, jirani yetu Filomena, akashindwa kujizuia. "Jamani, mbona huyu anakonyeza kwa pembe?"

Wachache wakacheka. Lois hakucheka. Alikuwa amesimama mwanzo wa daraja na fimbo yake, koti la Jumapili, na uso wake ulikuwa kama mlango uliofungwa. Burgl akamsimamisha Falka mbele yake. Ng'ombe wote nyuma wakasimama, kengele zikanyamaza moja moja.

Lois hakumsalimia binti yake, wala mimi mama yake. Alikwenda kwa ng'ombe, akichechemea. Akamshika Falka sikio, akamgeuza kichwa, akainama. Akakitazama kisiki kwa karibu sana, akakinusa. Akakibonyeza kwa kidole gumba pembeni, pale ngozi inapokutana na mfupa, huku akimtazama Falka jicho kuona kama ataruka. Falka hakuruka. Alikuwa anamnusa mfuko wa koti.

"Lini?"

"Mwezi wa saba," akasema Burgl.

"Daktari alisemaje?"

"Hakuweza kupanda. Ukungu ulikaa karibu wiki nzima."

"Funza?"

"Waliingia. Niliwatoa kwa kibanzi kila asubuhi na kila jioni. Nililala zizini mpaka walipokwisha."

Lois akabonyeza upande wa pili. "Shimo la ndani ulilizibaje? Hapa pana shimo linaloingia mpaka kichwani. Maji yakiingia amekufa."

"Utomvu wa msonobari na siagi, nikachemsha pamoja mpaka ukavutika. Na kitani juu yake, nikabadilisha kila jioni. Nilichana aproni, Bibi anisamehe."

"Bibi amekusamehe," nikasema, hakuna aliyenisikia.

"Nani kakufundisha hivyo?" akauliza Lois. "Hii dawa hakuna anayeitumia siku hizi."

"Wewe."

Akanyanyua kichwa.

"Yule kondoo dume aliyevunjika pembe kwenye geti," akasema Burgl. "Nilikuwa mdogo. Wewe ulifunga, mimi nilishika taa. Ulinigombeza kwamba natikisika."

Lois nilimzaa mimi, na hata mimi sikujua anafikiri nini. Alipitisha mkono juu ya taji, akashika kata kwa chini, akaivuta kidogo kuona kama imekaza. Akashika shada la vitunda upande wa kushoto, akalipima kwa kiganja, akaelewa limewekwa kwa nini. Nikaona shingo yake ikiwa nyekundu.

"Kondoo yule alikufa," akasema mwishowe.

"Najua, baba."

"Huyu hakufa."

"Hapana."

Kisha akageukia watu, akapaza sauti kama aliyeudhiwa. "Mmesimama darajani kama nguzo! Mnataka ng'ombe wapite wapi, mtoni? Filomena, toa sinia lako njiani, huyu anakula maandazi!"

Akamwachia Falka sikio. Falka akaondoka bila kusubiri kuambiwa, kengele ya shaba ikaanza, na zote nyuma zikafuata, mpaka daraja likatetemeka miguuni. Lois alitembea upande mmoja wa Falka, Burgl upande wa pili, hawasemezani. Wastl akanipiga kiwiko.

"Hajasema kitu bado, Zenz. Hajasema ndiyo."

"Nyamaza, mzee, nataka kusikia kengele."

Jioni nilipika ule uji mzito wa unga tunaoukaanga kwa siagi, nikaweka kikaango katikati ya meza kama kawaida, kila mtu na kijiko chake na upande wake. Kulikuwa na mimi, Lois, Burgl, na Wastl ambaye alikuwa amekosa njia ya kurudi kwake, alisema. Burgl alikuwa na njaa ya siku mbili, lakini kila kijiko cha tatu alimtazama baba yake.

"Mtamba wa Alma," akasema Lois, mdomo umejaa, "mwakani asipande. Kwato zake mbaya."

Kijiko cha Burgl kikasimama hewani. Kisha kikaendelea. "Atapanda. Njia ya juu ni laini, nitampitisha huko."

"Nasema asipande."

"Grub ni ya nani?"

Lois akakwaruza chini ya kikaango, pale penye ukoko, akapata kipande kizuri cha kahawia. Akakitazama, akakisukuma kikavuka mpaka upande wa binti yake.

"Grub ni yako. Lakini mtamba ni wangu."

"Basi utampeleka wapi, chumbani kwako?"

"Unamsikia, Mama? Unasikia anavyonijibu?"

"Nasikia," nikasema. Wakaendelea hivyo, kwato, njia ya juu, nani alimnunua Alma na kwa shauri la nani, Wastl akichochea kila moto ulipofifia, nami nikala upande wangu polepole, halafu nikaingia kidogo upande wa Lois, ambao alikuwa ameusahau.